Wageni wanataka kumwaga unga baharini kwetu eti kupoza dunia, sheria inasemaje?

Nahodha_wa_Kusi

Salaam wakuu. Mimi ni katibu wa BMU moja (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) huku Kwale kusini, pwani ya Kenya, kijiji sitakitaja maana mambo bado hayajaisha. Wiki mbili zilizopita tulipata wageni, wawili wa ng'ambo na kijana mmoja kutoka Nairobi wa kuwatafsiria, wakaweka projekta pale bandani tunapopimia samaki, soda na biskuti kama kawaida, wakaanza kutueleza kwamba bahari imemeza hewa ukaa nyingi mpaka imeingia asidi na wao wana dawa yake. Kijana akasema ni kama mtu mwenye kiungulia anapewa ile dawa nyeupe ya chupa. Watu wakacheka, kumbe hatanii, ni kitu kilekile.

Mmoja akachota maji ya bahari kwa chupa ya lita moja na nusu, akatia kijiko cha unga mweupe akatikisa. Maji yakawa kama tui la pili. Tukaambiwa tungoje. Baada ya kama dakika kumi yakaanza kutulia, wakafurahi sana. Mzee mmoja wa dema akauliza, "na pweza alo chini ya huo ukungu, naye angoje dakika kumi?" Hilo swali kijana hakulitafsiri.

Mipango yao ni miwili. Wa kwanza jaribio, unga unamwagwa kwa boti nje ya mwamba siku kadhaa halafu wanapima. Wa pili wa baadaye, kulima mwani maji ya kina kwa kamba ndefu, ukikomaa unakatwa na kuzamishwa, hauuzwi, ati ile hewa ukaa inaenda nao chini. Yote miwili itauzwa kama krediti za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyoondolewa, na kijiji kinapata "mgao". Mgao wa ngapi karatasi haisemi. Karatasi yenyewe kurasa 11 za Kizungu, na tatu za mwisho ni mistari ya kutia sahihi tu, wanataka sahihi 30 kabla ya bamvua ijayo.

Sasa nauliza, kuna sheria yoyote ya haya mambo au ni bahari ya Mungu kila mtu anamwaga? Nani anatoa kibali, sisi BMU, kaunti, NEMA ya mazingira, au umoja wa mataifa? Samaki wakihama nani analipa? Na msinishambulie kwamba napinga sayansi, matumbawe yetu tunayaona yanavyokuwa meupe, sisi ndio tunayapiga mbizi.

---

Chumvi_Nyingi

Sahihi 30 kwa soda 30, hesabu imekaa sawa kabisa 😂 Ila hiyo haraka ya bamvua ni ya nini? Bahari imengoja asidi tangu viwanda vya Uingereza vianze leo hii haiwezi kungoja mwezi mmoja watu wasome?

---

Wakili_wa_Bandarini

Ndugu katibu, kwanza msitie sahihi chochote. Pili, usikubali mtu akuambie hakuna sheria. Sheria zipo, tatizo ile iliyoandikwa kwa ajili ya jambo hili hasa ndiyo haijaanza kufanya kazi, hebu nieleze kidogo.

Kuna mkataba wa London wa 1972 wa kuzuia kutupa taka baharini, na itifaki yake ya 1996 ambayo Kenya ni mwanachama. Itifaki imegeuza kibao, yaani kila kitu ni marufuku kutupa isipokuwa vile vichache vilivyoorodheshwa. Safi. Lakini kuna mlango wa nyuma, inasema kuweka kitu baharini kwa lengo lingine si kutupa, mradi usiende kinyume na makusudi ya mkataba. Sasa hawa watu wa unga watakwambia "hatutupi, tunaweka". Ndio maana mwaka 2013 wanachama wakaandika marekebisho ya kuziba huo mlango, kwamba shughuli za kubadilisha bahari kwa ajili ya hali ya hewa lazima zipate kibali na zipitie tathmini. Mpaka leo marekebisho hayajaanza kutumika kwa sababu yanahitaji theluthi mbili ya wanachama wayaridhie na walioridhia ni wachache mno. Isitoshe kilichoorodheshwa mle ni kurutubisha bahari tu, ile ya kumwaga chuma ili mimea midogo ya majini iote. Unga wako na mwani wa kuzamisha vilitajwa 2022 pamoja na kung'arisha mawingu na kutandaza vitu vya kuakisi jua juu ya maji, kwamba vinahitaji kuangaliwa haraka. Kuangaliwa, sio kuzuiwa.

Kwa hiyo huko juu pana pengo. Njoo huku chini sasa ambako watu wengi hawaangalii.

Kama ni utafiti na wafanyaji ni wa nje, sheria ya bahari ya umoja wa mataifa inasema ndani ya maili 200 lazima nchi yako ikubali kwanza, na wapeleke maelezo kamili serikalini si chini ya miezi sita kabla ya kuanza. Miezi sita ndugu yangu, sio bamvua. Na nchi ina haki ya kuweka watu wake humo chomboni na kupewa matokeo. Halafu wana leseni ya NACOSTI, ile tume ya sayansi inayoruhusu utafiti? Wana leseni ya tathmini ya mazingira ya NEMA? Waulize namba, usiulize "mna kibali", kila mtu anacho kibali mdomoni.

Kama ni biashara ya kaboni basi wameingia kwenye sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023. Mradi wa kaboni lazima ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira na jamii, na kuwe na mkataba wa maendeleo na jamii unaosema mgao. Sheria inasema jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhini na 25 kwa isiyo ya ardhini, baada ya kutoa gharama. Hapo watakimbilia 25, watasema bahari si ardhi. Wewe wafungulie katiba ibara ya 260 pale inapoeleza maana ya ardhi, utakuta maji ya bahari ya nchi na ya ukanda wa kiuchumi yamo ndani ya neno "ardhi". Na ibara ya 62 inayahesabu ni ardhi ya umma. Sisemi mahakama imeshaamua hivyo kwa kaboni ya baharini, nasema hiyo ni hoja ya kwenda nayo mezani na itawatoa jasho.

Jibu la swali lako la nani anatoa kibali, BMU haitoi kibali cha kumwaga kitu baharini. Ndio maana zile sahihi 30 naziogopa, hazina nguvu ya kuruhusu ila zina nguvu ya kuja kusema baadaye "jamii ilikubali".

---

BiMwani_Kusini_Unguja

Assalaam alaykum wanangu. Mie nalima mwani toka nikiwa mwari, biashara hii huku kwetu imeingia 1989 na mbegu zilitoka Ufilipino. Hilo la unga siliwezi nawaachia wasomi, lakini hilo la kuzamisha mwani nataka kusema.

Kwanza huo mwani wa kuzamisha mtautoa wapi jamani? Sie kotonii, ule wa bei nzuri, umetushinda maji ya pwani yalipopata moto. Unaenda shamba asubuhi unaukuta umefanya ncha nyeupe, kesho yake unakatika wenyewe, unabaki na taitai, kijikamba cha kufungia, mkononi. Spinosamu ndio unavumilia, na bei ya spinosamu sote twaijua ilivyo ndogo. Tukaambiwa twende maji ya kina ambako baridi, haya, maji ya kina yanataka boti na kuogelea, na wanawake wengi huku hatujui kuogelea. Kwa hiyo akija mtu na mradi wa kamba ndefu maji makubwa ujue kashaamua ni kazi ya wanaume, hata kama hakusema. Muulize hapo hapo bandani.

Pili, mwani ukifa hauondoki kimyakimya. Kusi ikivuma unakusanyika ufukweni, siku chache tu ukifukua mchanga chini yake ni mweusi tii unanuka mayai viza, kombe hakai, kaa hakai. Huo ni mwani wa kukatika wenyewe wa mashamba ya kinamama, kikapu hapa kikapu pale. Sasa mtu anataka kupeleka tani kwa tani chini asikokuona, ataona nini? Kule chini hakuna viumbe? Au hawahesabiki kwa sababu hatuwavui?

Mimi mtu akininunulia mwani wangu kwa kilo namwelewa. Akiniambia anautaka ila ataumwaga, moyo haukai.

---

mtafiti_baridi

Shikamoo Bi, na poleni kaka katibu. Mimi ni Mtanzania nasoma mambo ya kemia ya bahari Bergen, Norway, kwa hiyo nitasema upande ambao pengine hamtaupenda.

Bi amesema kweli tupu kuhusu mchanga mweusi, hiyo ni oksijeni imekwisha, vijidudu vinavyoozesha vimeitumia yote. Na kwenye kina swali ni hilohilo. Pia mwani unakula virutubisho ambavyo planktoni, vile viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, wangekula, ukilima eneo kubwa sana unamnyang'anya dagaa chakula bila kujua.

Kuhusu unga, nadhani ni hidroksaidi ya magnesiamu. Kikemia wazo lenyewe si uongo. Bahari ikipata alkali zaidi, yaani kinyume cha asidi, inaweza kushika hewa ukaa zaidi na kuikalisha humo miaka mingi sana, mvua na mawe hufanya kazi hiyohiyo ila polepole. Shida ni tatu. Ukimwaga kwa pupa sehemu moja pH (kipimo cha asidi na alkali) inaruka na pale pale maji yanakuwa tui kama ulivyoona, na matumbawe yanaishi kwa mwanga. Ya pili, ukitumia mawe ya kusaga kama olivini badala ya unga safi kuna nikeli, metali inayoweza kudhuru viumbe, inakuja nayo. Ya tatu ndiyo kubwa kwangu mimi, kipimo. Hewa ukaa inaingia baharini taratibu kwa wiki na miezi wakati yale maji yameshaenda zake, kwa hiyo zile tani wanazouza nyingi hazipimwi, zinakokotolewa kwenye kompyuta. Sio wizi lazima, lakini mnunuzi wa krediti ananunua hesabu, na nyinyi ndio mnabaki na unga.

Halafu kijiji chenu sio cha kwanza. Mwaka 2012 kijiji cha Old Massett, visiwa vya Haida Gwaii huko Kanada, watu wa asili wa pale waliambiwa wakimwaga chuma baharini planktoni watachanua, samoni watarudi, na krediti za kaboni zitalipa mkopo. Kijiji kikapiga kura, kikaingiza kama dola milioni 2.5, ikamwagwa karibu tani 100 za salfeti ya chuma. Ukijani ukaonekana mpaka kwenye picha za setilaiti. Samoni mwaka uliofuata walikuwa wengi sehemu kadhaa, wengine wakasema ni chuma, wengine wakasema samoni hupanda na kushuka wenyewe, na hakuna aliyeweza kuthibitisha maana hakukuwa na vipimo vya kutosha vya kabla. Krediti hazikuuzwa. 2013 maofisa wa mazingira wakaenda kupekua ofisi ya kampuni iliyoendesha umwagaji huo. Walibaki na mabishano na deni.

Linganisha na Wajerumani na Wahindi 2009, walimwaga chuma Atlantiki ya kusini wakiwa na meli ya utafiti imejaa wapimaji. Ukijani ulitokea, vijidudu vya baharini vya jamii ya uduvi vikaula, kaboni iliyozama ikawa kidogo sana. Yaani jaribio lilishindwa kwa upande wa kaboni ila sisi tulijifunza, kwa sababu kila kitu kilipimwa na kikachapishwa.

Kwa hiyo mimi sisemi kataa. 1998 matumbawe yetu mengi yalikufa, na Aprili 2024 ikatangazwa tena upaukaji wa dunia nzima, wa nne. Tukikataa kila utafiti nani atatuambia kipi kinafaa? Nasema utafiti bila mtu wa kuuza krediti pembeni. Jaribio na biashara visikae kwenye karatasi moja.

---

Kasa_Mzee

Huyu wa Bergen anatuletea lugha tamu. "Tulijifunza", nani alijifunza? Nchi za Afrika zilishasema kwenye kikao cha mawaziri wa mazingira Addis Ababa 2023 kwamba haya mambo hatutaki, na Nairobi 2024 Waswisi wakaja na azimio lao likaondolewa mezani. Sasa wamekosa mlango wa mbele wanakuja kwa banda la samaki.

Na kwao je? Jiji la Alameda, California, 2024, chuo kikuu kilikuwa kinarusha matone ya maji ya chumvi tu kutoka meli ya zamani kuona mawingu yatang'aaje. Washauri wa jiji wakasema hakuna hatari kiafya. Bado madiwani wote wakapiga kura kukataa, kwa sababu jiji halikuambiwa mapema. Maji ya chumvi! Wenzetu wanakataa maji ya chumvi sisi tunaletewa magunia.

---

mtafiti_baridi

Mzee wangu nakuheshimu ila umechanganya. Addis na Nairobi ilikuwa kuhusu kuzuia mwanga wa jua, kurusha chembe angani. Kuhusu bahari kuna maamuzi mengine, ya mkataba wa bioanuwai, Bonn 2008 na Nagoya 2010, ambayo yanasema subirini isipokuwa utafiti mdogo uliodhibitiwa. Na hayo ni ya kuombana tu, hayana pingu.

La Alameda nakubaliana nawe kabisa. Walikataa sio kwa sababu ya sumu, ni kwa sababu hawakuulizwa. Lakini ongezea na hili, Agosti 2025 taasisi ya Woods Hole walimwaga alkali kwenye Gulf of Maine iliyochanganywa na rangi nyekundu ili waone inakoelekea. Walifanya kwa kibali cha shirika la mazingira la Marekani, chini ya sheria yao ya utupaji baharini, na wananchi walipewa muda wa kutoa maoni kabla. Kumbe inawezekana mtu kufanya jaribio na kufuata mlango.

---

Kasa_Mzee

Sawa nimekuelewa kwenye jua na bahari, nilichanganya. Kwenye mlango sijabadilika.

---

Tanga_Raha_Mkondo

Mimi ninaongeza moja tu. Mkondo wa pwani yetu unatoka kusini unaenda kaskazini, mwaka mzima kwa sehemu hizi. Ukiangusha boya huku Tanga unaenda kulichukua kwa Wakenya. Kwa hiyo hawa wageni wakikataliwa Kwale wakaja kukubaliwa upande wetu, ule unga nyinyi mtaupata vilevile na bila mgao. Mambo ya aina hii yangekaa kwenye mkataba wa Nairobi wa 1985, ndio umeshika bahari kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini na visiwa. Sio kila kijiji kijitetee na biskuti zake.

Na wakili, ile mahakama ya bahari ya Hamburg si ilisema kitu?

---

Wakili_wa_Bandarini

Ndiyo, umenikumbusha. Tarehe 21 Mei 2024 ile mahakama ilitoa maoni, waliomba visiwa vidogo. Walisema gesi joto ni uchafuzi wa bahari na nchi zina wajibu wa kuuzuia. Na humo ndani wakagusa hili letu, kwamba uhandisi wa kubadilisha bahari utakuwa kinyume cha ibara ya 195 kama matokeo yake ni kugeuza uchafuzi wa aina moja kuwa wa aina nyingine. Ni maoni ya ushauri, lakini ofisa wa NEMA ukimtajia ibara 195 atakaa sawa kwenye kiti. Hoja ya mkondo ya huyu wa Tanga iko hapohapo pia, ibara hiyo inakataza kuhamisha madhara kutoka eneo moja kwenda lingine.

Bahari kuu nje ya maili 200 sasa ina mkataba wake ulioanza kazi Januari 2026, nao unadai tathmini ya mazingira. Lakini kwa katibu hilo liko mbali, yeye tatizo lake liko nje ya mwamba.

---

Nahodha_wa_Kusi

Wakuu nimerudi. Kikao kilikuwa jana, nawapa yaliyotokea.

Sahihi hazikutiwa. Niliomba vitu vitatu, karatasi kwa Kiswahili, namba ya leseni ya NEMA na ya NACOSTI, na jaribio litenganishwe na krediti. Kwa Kiswahili wakasema sawa. Kwa namba, kijana akapiga simu nje dakika ishirini akarudi akasema "iko kwenye mchakato". Kutenganisha wakasema watarudi kwa wenye pesa kuuliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba hawa tunaoongea nao sio wenye neno. Kuhusu 40 na 25 nilifungua katiba kwenye simu nikawasomea ibara ya 260, yule mgeni mmoja akaomba apige picha skrini yangu, inaelekea hakuwa ameiona.

Mama mmoja wetu akauliza swali la Bi wa Unguja, wanawake watafikaje kwenye kamba za maji makubwa. Jibu ni kwamba watapewa kazi ya kushona kamba nchi kavu. Kelele zilizotoka pale siwezi kuziandika hapa.

Mzee wa dema alirudia swali la pweza, safari hii nililitafsiri mwenyewe. Yule mgeni mwanamke alinyamaza kidogo halafu akasema kwa ukweli kwamba pweza hawajampima, wamepima planktoni na kome, maabara. Nilimheshimu kwa hilo kuliko projekta yote.

Kitu kingine, ile chupa ya siku ya kwanza niliiacha kwenye dirisha la banda. Chini imebaki utando mweupe kama chokaa, haujayeyuka mpaka leo. Mtafiti, hiyo maana yake nini?

---

mtafiti_baridi

Kaka usiitumie kama ushahidi, watakushinda. Kijiko kwenye lita moja na nusu ni kipimo kikubwa mno, baharini ingetawanyika. Inaweza kuwa unga ambao haukuyeyuka au chokaa iliyojitengeneza baada ya pH kupanda. Lakini waulize kijiko kilikuwa gramu ngapi, na kule nje wanakusudia gramu ngapi kwa lita. Kama hawana hiyo namba basi ile ilikuwa mazingaombwe sio onyesho.

Na hata wasiporudi, anzeni kupima wenyewe. Joto la maji, saa ileile mahali palepale, na pweza wangapi kwa siku kwenye daftari la BMU. Old Massett walikosa hicho tu.

---

Nahodha_wa_Kusi

Daftari la pweza tunalo tangu zamani, ila tunaandika kilo, sio idadi. Nitabadilisha. Kipima joto kisichoharibika na chumvi kinapatikana wapi, kisiwe cha bei ya kuua?

---

Chumvi_Nyingi

Mombasa kwa wauza samaki wa kwenye vioo, kile cha kuning'iniza ndani ya tangi. Nunua viwili, kimoja lazima mtoto atakivunja.